Mtama Ambao Haukuwepo

Huko Makote, juu ya nyanda za Newala, udongo ni mzuri kwa muhogo na mtama, lakini maji hakuna. Ukiyataka unayafuata bondeni, kwenye mteremko mrefu wa mawe na vichaka. Kushuka ni mchezo wa watoto. Kupanda na mtungi kichwani, jua likikupiga mgongoni, si mchezo hata kidogo.

Somoe alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na safari hiyo aliifanya kila siku alfajiri pamoja na wasichana wenzake. Walishuka wakiimba na kupanda wakihema. Siku tunayoizungumzia hapa alishuka mara mbili. Mara ya kwanza alikwenda na wenzake kama kawaida. Mara ya pili alikwenda peke yake jua likiwa limekwisha kuchomoza, kwa sababu ilikuwa siku ya ngoma, na siku ya ngoma maji hayatoshi.

"Chukua mtungi wa bibi," mama yake alimwambia. "Ndio mkubwa. Lakini nakujua wewe na vidole vyako. Mtungi si ngoma, umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia, ndiyo. Ila vidole vya Somoe vilikuwa na kichwa chao wenyewe. Viligonga kinu, viligonga ungo, viligonga mpaka mgongo wa mdogo wake Husseni enzi zile alipokuwa akimbeba. Na mdundo ulikuwa mmoja tu, mdundo wa Chilanga.

Chilanga alikuwa mpiga ngoma. Kuanzia Newala mpaka Masasi, hata Lukuledi kwa wamisionari, nani hakulijua jina hilo? Somoe alimsikia mara moja tu, alipokuwa na miaka saba, akiwa amebebwa mabegani na Mjomba Shamte nyuma ya umati wa watu. Hakumwona vizuri. Aliona mtu mnene aliyevaa shanga, anacheka, kisha vichwa vya watu vikamziba. Lakini ngoma yake aliisikia. Mkono wa kulia ulitangulia, wa kushoto ukachelewa kidogo, kidogo tu, kama mtu anayetaka kupiga chafya halafu chafya inamchelewea. Watu walipiga mayowe kila mkono ule ulipotua. Tangu siku hiyo Somoe alikuwa akiutafuta mkono huo wa kushoto, na alikuwa bado hajaupata.

Kisha vikaja vita. Ninyi mmevisoma shuleni kwa jina la Maji Maji, lakini Somoe aliuona moshi wake upande wa Masasi. Watu waliochoka na kodi na viboko vya Wajerumani walipewa dawa. Dawa yenyewe ilikuwa maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama, vyote vimechanganywa katika kibuyu. Waliambiwa ukinyunyiziwa hiyo, risasi itageuka maji. Risasi haikugeuka. Vita vilipokwisha askari wa boma waliwasaka waliokuwa wakiigawa dawa, na waliopatikana walinyongwa. Kijiji kilichomlaza mgawa dawa hata usiku mmoja kilichomwa moto, na ghala zake pia. Baada ya moto ikaja njaa. Makote hawakuchomewa, lakini njaa haikuwaruka. Walikula mizizi. Walichemsha mpaka ngozi za ngoma wakazila.

Kwa miaka miwili jando halikufanyika. Mwaka huu wa 1907 mvua zilikuwa nzuri, watu wakavuna, na Jumbe Halfani, mkuu wa kijiji, akapata ruhusa ya kuwatia vijana jandoni. Leo ndiyo siku yao ya kutoka, na Husseni, mdogo wake Somoe, alikuwa mmoja wao. Mzinga mpya wa ngoma ulikuwa umechongwa ukasimamishwa uani kwa jumbe, mdomo wazi, hauna ngozi. Jumbe alikuwa ametuma salamu kwa wapita njia kwamba Chilanga aitwe, aje na ngozi yake. Jibu halikurudi. Wengine walisema Chilanga amekufa vitani, wengine wakasema amekufa kwa njaa.

Na jumbe alikuwa ametoa amri moja, akairudia mara tatu: "Ukimwona mgeni usiyemjua, njoo uniambie kabla hujameza mate."

*

Somoe alikwisha kujaza mtungi wake pale chemchemi aliposikia mtu akinong'ona. Akatazama. Nyuma ya kichaka, hatua kama ishirini hivi, alichutama mwanamume mwembamba, mvi kichwani, kaniki imempauka mwilini. Mbele yake palikuwa na furushi, na kando ya furushi kibuyu. Mtu yule alichovya vidole kwenye maji, akalinyunyizia furushi. Akachovya, akanyunyiza. Midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini Somoe hakuyajua maneno yenyewe. Upepo ukaleta harufu ya mafuta ya mbarika.

Maji! Mbarika! Somoe hakuwa mtoto mchanga, alijua maana yake. Alitaka kuondoka polepole, lakini vidole vyake, kwa hofu tu, vikaanza kugonga shingo ya mtungi.

"Nani huyo?" Mtu yule aligeuka kwa haraka, akalifunika furushi kwa mikono miwili.

Hofu ni hofu, na adabu ni adabu. "Shikamoo," Somoe akasema.

"Marahaba." Macho yake yalimpima msichana kuanzia juu mpaka chini, kisha yakapita nyuma yake kutazama kama kuna mtu mwingine. "Uko peke yako?"

"Wenzangu wanakuja," Somoe alisema. Hapakuwa na mwenzake yeyote.

"Huko juu ndiko Makote?"

"Ndiko."

"Askari wapo?"

Somoe alirudi nyuma hatua moja. Mtu mwema anauliza askari ya nini?

"Nakuuliza, askari wapo? Wangapi?"

"Sijui. Wewe nani?"

"Mpita njia tu." Mtu yule akameza mate. "Sikiliza, mwanangu. Usimwambie mtu umeniona. Mimi mwenyewe nitakwenda kwa jumbe wenu nikimwona yuko peke yake. Umenielewa?"

Somoe alitikisa kichwa kukubali, akaweka ngata kichwani, akaupandisha mtungi, akaanza kuondoka. Nyuma yake akaisikia tena ile sauti, safari hii imelegea kidogo.

"Ulichokuwa unagonga hapo, mkono wa kushoto unauharakisha. Uache uchelewe. Usiufukuze, utakuja wenyewe."

Somoe alizidi kuingiwa na shaka. Mtu huyu anajua askari, anajua mbarika, na ngoma pia anajua? Akaongeza mwendo, kila baada ya hatua chache anageuka kutazama. Hakuna aliyemfuata.

Alipofika karibu na juu, hofu ikapungua, na maneno ya yule mtu yakaanza kumwasha. Uache uchelewe. Vidole vya mkono wa kulia vikagonga mtungi. Vya kushoto akavizuia. Akavizuia. Akaviachia, na lo, ulikuwa wenyewe! Ulikuwa mkono wa Chilanga! Somoe alishangilia, akainua mikono yote miwili ili arudie. Mtungi ukayumba, ukamteleza kichwani kwenye kona ya jiwe jeupe, paa!

Alisimama akiyatazama maji yakinywewa na mchanga. Mtungi wa bibi. Bibi aliufinyanga kwa mikono yake, na bibi alikufa mwaka wa njaa, akimwachia Husseni uji wake.

*

Mama Somoe alikuwa akitwanga uani. Alipomwona binti yake mikono mitupu aliusimamisha mchi.

"Mtungi uko wapi?"

Somoe alifungua mdomo kusema kweli. Nawaambia, alikusudia kweli kabisa. Lakini alimwona mama yake ameshika mchi, uso wake umeanza kubadilika, na kweli ikarudi tumboni.

"Kuna mtu bondeni, mama. Anacho kibuyu. Ananyunyiza maji, ananong'ona. Na mafuta ya mbarika anayo. Aliniuliza kama askari wapo. Alinirukia, nikakimbia, mtungi ukaanguka."

Mama aliuacha mchi. Alimvuta mwanawe kifuani akamkagua mikono na shingo kama ana jeraha. "Mwanangu! Amekugusa? Kaka Shamte! Kaka Shamte, njoo!"

Mjomba Shamte alikuja mbio, kisu cha kuchongea vijiti vya kuwambia ngoma kikiwa bado mkononi. Kwa Wamakonde mjomba ndiye msemaji wa nyumba, na Mjomba Shamte hakuwa mtu wa mzaha. Alisikiliza yote. Kisha akachuchumaa mbele ya Somoe.

"Maji kila nyumba inayo," alisema taratibu. "Mbarika kila nyumba inayo, hata hao wanaotoka jando leo watapakwa. Nataka kujua jambo moja. Mtama je? Ulimwona na mtama?"

Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kutokea. Angesema "hapana" tu, mjomba angepumua, labda angecheka. Lakini bila mtama, mtu yule alikuwa mzee mwenye furushi tu, na msichana wa miaka kumi na miwili hawezi kuvunja mtungi wa bibi yake kwa kumkimbia mzee mwenye furushi.

"Nilimwona," Somoe alisema. "Aliutia kwenye kibuyu, akakitikisa."

Hakujua hata huko kutikisa kumetoka wapi.

*

Wanaume sita walishuka na kamba na mikuki. Jua halijafika utosini walirudi naye. Walimfunga kwenye nguzo uani kwa jumbe, mikono nyuma, kamba imemkaba. Furushi na kibuyu walivibeba kwenye ncha ya mti mrefu, wakavitupa chini katikati ya uwanja, kisha kila mtu akakaa mbali navyo. Hakuna aliyetaka kugusa kitu ambacho kikikutwa mkononi mwako unanyongwa.

"Mimi ni Chilanga," alisema yule mtu. "Jumbe Halfani, uliniita. Ngozi iko humo, fungua uone."

Watu waliguna. Jumbe Halfani, mzee mrefu mwenye kofia iliyofifia, alimsogelea hatua mbili, akasimama.

"Chilanga namjua. Chilanga ni mtu mnene. Akija anatanguliwa na vijana wawili na nyimbo, unamsikia kabla hujamwona. Wewe umekuja kwa kunyata. Na kwa nini uliuliza habari za askari?"

"Hao vijana wawili nimewazika. Ngoma yangu askari waliichoma, walisema ngoma ndiyo iliyowaita watu vitani. Ungekuwa wewe usingeuliza?"

"Maneno mazuri. Hata mgawa dawa ana maneno mazuri."

"Basi nifungueni mikono nipige mdundo mmoja tu."

"Tukufungue?" Mjomba Shamte alicheka bila furaha. "Tukufungue umwage dawa yako, halafu askari watukute tumelowa? Wewe mjanja sana."

Jumbe alijishika kiuno. Somoe, aliyekuwa amesimama na mama yake kando ya ukuta, alimwona jumbe akitazama paa za nyumba, moja baada ya nyingine. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu aliyeogopa kuona kijiji chake kinaungua.

"Askari wamepiga kambi Newala," jumbe alisema. "Wakisikia kutoka kwa mtu mwingine kwamba mtu huyu alikuwa hapa tukanyamaza, kesho hakuna Makote. Dastani, andika."

Dastani, kijana aliyesoma kwa wamisionari huko Masasi, ndiye aliyemwandikia jumbe barua zake. Alikaa chini ya paa la baraza, karatasi gotini, akaandika mistari michache. Kisha akainua kichwa.

"Hapa panataka maneno ya shahidi, jumbe. Yeye mwenyewe aseme alichokiona."

"Somoe, binti yangu, njoo hapa," jumbe aliita. "Usiogope, amefungwa. Sema, maneno yako yaandikwe."

Somoe alisogea. Ile nguzo ilikuwa karibu naye kiasi cha kunyoosha mkono. Aliweza kuiona ile mikono iliyofungwa, vidole vya mkono wa kushoto vimeanza kuvimba. Vile vidole vilikuwa vikigonga nguzo, polepole, labda mwenyewe hakujua kama anagonga. Kulia. Kulia. Kisha kushoto, ukachelewa kidogo, kidogo tu.

Somoe aliona baridi mwilini mchana ule wa jua kali. Mdundo ule alikuwa ameutafuta miaka mitano.

"Aliutia mtama kwenye kibuyu," Dastani alisema, kalamu ikingoja. "Ndivyo ulivyosema?"

Somoe aligeuka kutazama. Mama yake alikuwa pale. Mjomba alikuwa pale. Kijiji kizima kilikuwa pale.

"Sikuona mtama," alisema.

"Sema kwa sauti."

"Sikuona mtama! Wala hakunirukia. Mtungi niliuvunja mwenyewe, kwenye kona ya jiwe jeupe. Nilikuwa napiga ngoma juu yake, nikainua mikono."

"Somoe!" Mama yake alijiziba mdomo kwa kanga.

Ungedhani watu wangefurahi. Thubutu! Uwanja ulijaa minong'ono, na macho yaliyokuwa yakimtazama yule mtu yakahamia kwa Somoe.

"Amemroga," mtu mmoja alisema. "Amesimama karibu naye kidogo tu, tazama alivyogeuka."

Jumbe Halfani aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Somoe. "Asubuhi ulisema kuna mtama. Sasa unasema hakuna. Mtu huyo mmoja, mdomo huo mmoja. Nitajuaje uongo ni upi, wa asubuhi au wa sasa hivi?"

Machozi yalimtoka Somoe, lakini machozi nayo hayakuwa ushahidi.

"Vigae," alisema mwishowe. "Katazameni vigae vilipo."

Mjomba Shamte alikwenda mwenyewe, amekunja uso. Alirudi na vigae vya mtungi ndani ya shuka lake, akavimwaga mbele ya jumbe.

"Viko pale kwenye jiwe jeupe," alisema, bila kumtazama mpwa wake. "Na huyu tulimkamata chini kabisa, penye maji. Kama alimrukia, hakumrukia pale mtungi ulipovunjikia."

"Hilo ni la mtungi," alisema jumbe. "La mtama bado. Nani atafungua furushi?"

Hakuna aliyesogea. Wanaume sita waliobeba mikuki asubuhi walitazama vidole vya miguu yao.

Somoe alilitazama lile furushi. Ni kweli hakuona mtama. Lakini je, kama umo? Kutouona si sawa na kutokuwepo. Labda mtu yule ni Chilanga na dawa pia anayo.

"Nitafungua mimi," alisema. "Sijui kama upo. Ninachojua sikuuona."

"Somoe, usiguse!" mama yake alipiga ukelele.

Alikwisha kupiga magoti. Fundo lilikuwa limelowa, likamsumbua. Ndani mlikuwa na majani ya mgomba, na ndani ya majani ngozi ya mbuzi iliyolowekwa, imenyolewa manyoya vizuri, bado ni laini katikati lakini kingo zake zimeanza kukauka. Palikuwa na donge la nta ya nyuki, ile ya kubandika juu ya ngoma ili sauti itulie. Basi. Akakishika kibuyu, akaomba ungo, akakimimina. Mafuta yakatoka, safi, ya kupaka ngozi isipasuke. Alikitikisa kwa kweli safari hii, akakigeuza kichwa chini. Haikutoka hata punje moja.

Jumbe Halfani alivua kofia yake. Alikwenda mpaka kwenye nguzo, akamtazama yule mtu usoni kwa muda mrefu.

"Chilanga," alisema kwa sauti ndogo. "Umekuwaje hivi?"

"Njaa, jumbe. Hata wewe mara ya mwisho hukuwa na shingo nyembamba hivyo." Kisha mpiga ngoma akafumba macho. "Nifungueni. Na leteni maji, ngozi inakauka. Ikikauka kabla ya kuwambwa hakuna ngoma leo wala kesho."

*

Maji! Mitungi yote ilikuwa imekwisha kumwagwa kwenye vyungu vya chakula cha ngoma, na mtungi mkubwa kuliko yote ulikuwa vigae uwanjani. Hakuna aliyemwambia Somoe aende. Mama yake aliingia ndani, akatoka na mtungi wake mwenyewe, akamkabidhi.

"Mikono miwili," alisema tu. Hasira ilikuwa bado ipo, na haki yake.

Somoe alishuka jua la utosini. Alipanda mikono yote miwili imeshika mtungi, mawe yanachoma nyayo, jasho linaingia machoni, na hakugonga hata mara moja. Alipofika, mtungi ulikuwa umejaa mpaka shingoni. Ngozi ikalowekwa, ikavutwa juu ya mzinga, Mjomba Shamte akapigilia vijiti vyake kimoja baada ya kingine, na moto wa mabua ukawashwa karibu ili ngozi ikauke. Jumbe Halfani alimwendea Dastani, akachukua ile barua, akaitia kwenye moto huohuo.

Chilanga alikuwa amekaa pembeni akikanda mkono wake wa kushoto. Kamba ilikuwa imeacha mfereji mwekundu, na vidole vilikuwa vinene. Alimwita Somoe.

"Njoo unipake mbarika hapa. Polepole."

Somoe alipaka. Alikuwa ameota siku nyingi kukutana na Chilanga, akapanga mpaka maneno ya kumwambia. Sasa hakukumbuka hata moja. "Nisamehe, babu," ndiyo maneno yaliyomtoka. "Walitaka kukupeleka ukanyongwe. Kwa ajili ya mtungi."

"Kwa ajili ya mtama," Chilanga alimsahihisha. "Mtungi haukuwa na kosa. Ulinisikia nikiunong'ona mdundo wangu, ukanitilia shaka, nami sikulaumu, hata mimi nilikutilia shaka wewe. Zama hizi kila mtu anamtazama mwenzake hivyo. Ungekwenda kwa jumbe ukasema, nimeona mtu, ana kibuyu, ananyunyiza maji, ungekuwa umefanya vyema, wangekuja, wangeniuliza, ningejibu. Lakini uliongeza kitu ambacho hakikuwepo." Alivuta pumzi. "Katika ngoma, mwanangu, ukichelewa wachezaji wanakungoja. Ukikosa wanakuvumilia. Ila ukitia pigo ambalo halimo, mtu amekwisha kuinua mguu, hawezi kuurudisha, anaanguka. Leo mimi ndiye niliyekuwa nimeinua mguu. Siku nyingine ukiulizwa, sema ulichokiona, ukomee hapo. Na kama hukuona, sema hukuona. Hilo si jambo dogo. Mchana huu watu wazima sita waliogopa kulifungua furushi, na wewe ulisema hukuona, ukalifungua."

"Nitasema nilichokiona," Somoe aliitikia.

Alasiri vijana walitoka jandoni, wamepakwa mbarika wanang'aa, nguo mpya viunoni, Husseni wa tatu katika mstari, amekaza uso ili asicheke. Chilanga akakaa nyuma ya ngoma. Akaanza. Makote nzima, watu waliokuwa hawajacheza kwa miaka miwili, walilipuka. Wanawake walipiga vigelegele, Mjomba Shamte alicheza mpaka akapoteza kiatu kimoja, na mama yake Somoe, mbele ya watu wote, alimshika binti yake mkono akamvuta uwanjani. Kila mtu alisema Chilanga hajapata kupiga vizuri namna ile.

Somoe alicheza, akafurahi, lakini alisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Mkono wa kushoto ulichelewa, ndiyo. Mara nyingine ulichelewa kupita kiasi. Mara mbili haukufika kabisa, na Chilanga aliuma mdomo. Somoe alijua ni kwa nini, na kila ulipokosa kufika aliinamisha kichwa.

Kesho yake alfajiri wasichana walimzunguka kule chemchemi.

"Somoe, wewe ulikuwa karibu naye! Ni kweli kamba zilikatika zenyewe? Watu wanasema alipuliza tu, kamba zikaanguka!"

Somoe aliuweka mtungi wa mama yake kichwani, mikono miwili.

"Sikuona hivyo," alisema. "Nilimwona jumbe anazifungua kwa mkono. Fundo lilikuwa gumu, ikachukua muda. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba."

Akatangulia kupanda.